Kila Kitu Isipokuwa Dagaa

Jumamosi, 1 Novemba

Mtaalamu wa lishe amenipa karatasi niandike kila ninachokula mpaka tuonane tena tarehe 1 Desemba. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimesoma 6.2. Amenieleza kuwa kuanzia 5.7 mtu yuko barazani kwa kisukari, na ikifika 6.5 ameshakaribishwa ndani. Karatasi yenyewe ina visanduku vitatu kwa siku, kila kimoja kikubwa kama kucha ya kidole gumba. Nimenunua daftari.

Leo asubuhi: chai bila sukari. Mchana: chai bila sukari na kipande cha muhogo. Jioni sikuandika kitu kwa sababu kulikuwa na kikao.

Kikao kiliitishwa na mke wangu. Ajenda ilikuwa moja, nayo ni swali la "leo tunapika nini". Amesema amelijibu miaka kumi na minne, tangu Tanga mpaka hapa Columbus, na kwamba kuanzia leo halijibu tena. Binti yetu wa miaka kumi na moja akanyoosha mkono. Alikuwa na karatasi nne alizochapa kwa printa ya maktaba. Amegundua kuwa huku Marekani kila siku ya mwaka imeshapangiwa chakula. Kuna Siku ya Taifa ya hiki na Siku ya Taifa ya kile, hakuna tarehe iliyobaki uchi. Mtu anasoma kalenda, anapika, anakula, analala.

Nikauliza ni nani anayetangaza. Binti akasoma. Ya aiskrimu ilitangazwa na Rais Reagan mwaka 1984, Jumapili ya tatu ya Julai. Ya donati, ya mwezi Juni, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu kule Chicago mwaka 1938, kuwakumbuka wanawake waliowakaangia askari donati Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

"Na hizi nyingine?"

"Nyingine mtu tu alisema, Baba."

Mdogo wake, kijana wetu wa miaka saba, akauliza kama na sisi tunaruhusiwa kusema tu. Mwenyekiti akajibu kuwa muda umekwisha.

Hoja imepita. Novemba ni mwezi wa majaribio. Nilipiga kura ya hapana. Muhtasari unasema nilikuwa nje napokea simu.

Jumapili, 2 Novemba

Usiku wamerudisha saa nyuma. Nilimpigia Mama kule Newala saa saba mchana, muda wetu wa kila Jumapili, nikasahau kuwa kwake haikuwa tena saa mbili usiku bali saa tatu. Alikuwa ameshalala. Aliamka kwa adabu ya mtu anayedhani kuna msiba.

Tulipomtoa wasiwasi akauliza tunakula nini. Kabla sijafungua mdomo, binti akatafsiri kalenda neno kwa neno: "Mayai ya shetani, Bibi."

Kimya. Halafu Mama akauliza yametagwa na nani.

Nikaeleza. Ni mayai ya kuchemsha. Yanapasuliwa katikati, kiini kinatolewa, kinapondwa na mayonesi na haradali, halafu kinarudishwa palepale kilipotoka. Ushetani ni ule ukali wa haradali tu. Mama akauliza, kama kiini kilikuwa mahali pake na kimeshaiva, kilitolewa kwenda wapi. Sikuwa na jibu. Amesema atatuombea, akakata simu.

Nimekula vipande saba. Sijui kama ni mayai matatu na nusu au ni vipande saba. Karatasi ya mtaalamu haielekezi.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya Sandwichi. Imewekwa siku hii kwa sababu ndiyo aliyozaliwa John Montagu, bwana mkubwa wa Kiingereza mwenye cheo cha Sandwich, mwaka 1718. Inasemekana hakutaka kuinuka kwenye meza ya kamari, akaomba nyama iwekwe katikati ya mkate ili mkono mmoja ubaki na karata.

Nafanya kazi ghalani, naendesha foklifti, zamu ya usiku. Mke wangu alinifungashia sandwichi ya kilichokuwapo, yaani maharage ya nazi. Saa nane usiku, wakati wa mapumziko, niliuma kwa mbele, maharage yakatoka kwa nyuma. Nilipogeuza upande wa pili, yakatoka kwa mbele. Fulana ya usalama inayong'aa imeacha kung'aa sehemu moja.

Jumatano, 5 Novemba

Jana ilikuwa pipi. Leo donati, ambazo Jumamosi tuliambiwa ni za Juni. Binti anasema donati zina siku mbili. Nikamuuliza ugali una ngapi. Akaipekua kalenda kwa haki kabisa, ukurasa kwa ukurasa, akasema bado.

Saa tano asubuhi, watoto wakiwa shule, nilisonga ugali mdogo wa muhogo nikaula nimesimama. Uliobaki nimeufunga kwenye karatasi ya aluminiamu na kuuweka nyuma ya maziwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nacho. Hizi zina mtu na mahali: Ignacio Anaya, jina la utani Nacho, mji wa Piedras Negras, Mexico, miaka ya 1940. Wageni walifika, mpishi hayupo, akachukua kilichokuwapo, chipsi za mahindi, jibini na pilipili, akaingiza kwenye oveni. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho akasema hayo ndiyo maisha yake ya kila siku, na hajapewa tarehe.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikuwa nimeshaiona tarehe hii tangu wiki iliyopita na sikusema neno. Kalenda inaiita siku ya kupika kitu kikali chenye harufu. Maelezo yanasema kwamba nyumba zimeshafungwa madirisha kwa ajili ya baridi, hivyo huu ndio wakati wa kuzijaza harufu ya chakula. Wanapendekeza kitunguu saumu na kabichi iliyochachushwa.

Mimi nina papa mkavu.

Alikuja na shemeji mwezi wa Agosti, amefungwa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kanga, kanga ndani ya taulo, na nguo za shemeji mpaka leo hazijasahau. Nilimtoa saa nane mchana. Papa mkavu hapikwi kwa haraka. Unamloweka kwenye maji ya moto, unamwaga, unamloweka tena, kwa sababu chumvi yake ni ya kumtunza samaki na haimjali mlaji. Ngozi inaanza kunyanyuka pembeni kama rangi ya mashua kuukuu. Hapo unaishika kwa kisu na kuikwangua, mchanga unabaki chini ya bakuli, na unajua huu ni mchanga halisi wa ufuo wa Msimbati au wa jirani yake. Unamchemsha, unamnyambua kwa vidole uzi kwa uzi. Kitunguu, nyanya, bizari, pilipili mbuzi moja nzima bila kupasua. Tui la kopo, kwa kuwa ndilo lililopo. Ndimu mwishoni.

Saa kumi na moja jioni harufu ilikuwa imetoka jikoni, imepita ukumbini, imeshuka ngazi.

Saa kumi na moja na nusu mzee wa chini alibisha hodi kuuliza kama sisi pia tunasikia gesi. Nikamwambia hapana, sisi hatusikii gesi. Ni kweli, hatukuisikia. Akashukuru, akashuka, akapiga simu kampuni ya gesi.

Fundi alifika na kifaa cha kupimia, kinafanana na redio ya upepo. Alikipitisha kwenye jiko, kwenye bomba, nyuma ya jokofu. Alipokipitisha juu ya sufuria alikishikilia hapo kwa muda. Hakikusema kitu. Akauliza ni nini. Kijana wangu akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuwa ni papa. Fundi akarudi nyuma hatua moja. Binti akaleta kalenda, akamwonyesha tarehe. Fundi akaisoma yote, akatazama saa yake ya mkononi kuhakikisha, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kibali halali.

Ametuachia fomu. Chanzo cha harufu: chakula. Binti ameibandika kwenye jokofu, kando ya kalenda.

Nimekula papa na wali, sahani mbili. Wali ni wa mpunga wa kahawia, naomba hilo lizingatiwe.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilibeba papa aliyebaki kwenda naye kazini, nikampasha kwenye maikrowevu ya chumba cha mapumziko. Dakika mbili na nusu.

Jumanne, 11 Novemba

Kwenye maikrowevu pamebandikwa tangazo: tafadhali msipashe samaki. Halijataja mtu. Limetafsiriwa kwa Kihispania, Kisomali na Kinepali. Kiswahili hakimo, na Mswahili wa zamu hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo siwezi kusema kama linanihusu.

Nyumbani ilikuwa siku ya aiskrimu ya kumwagiwa sharubati. Nje kioo cha gari kimeganda barafu. Niliikwangua kwa kadi ya benki.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesoma mara tatu nikidhani binti amekosea kuchapa. Hajakosea. Leo ni Siku ya Taifa ya Piza yenye Kila Kitu Isipokuwa Dagaa.

Samaki wanayemsema ni yule mdogo wa baharini wanayemtia chumvi na kumfunga kwenye kopo la mafuta. Sisi tuna dagaa wa aina nyingi, wa Kigoma na wa Mwanza ni wa ukoo mwingine, hao siwasemei. Lakini dagaa mchele wa bahari, yule anayevuliwa Unguja kwa taa usiku usio na mwezi, akachemshwa kwa chumvi na kuanikwa pwani mpaka ufuo mzima unameremeta, huyo ni ndugu yao wa damu. Hivyo hapa hakuna kusema "kama dagaa". Ni dagaa.

Siku 365, na hii ndiyo pekee niliyoona imemtaja. Imemtaja ili imkatae.

Nilifungua hoja mezani. Binti, ambaye sasa anazungumza kama msajili wa vizazi na vifo, alisema masharti ya siku yako wazi. Tukaanza kuhesabu hicho "kila kitu". Nyama ya nguruwe hatuli, hivyo soseji na zile duara nyekundu zimetoka. Uyoga kijana hali. Zeituni mke wangu anasema zina ladha ya dawa. Nanasi nimelipinga mimi, tunda lina wakati wake. Tulipomaliza, kila kitu kilikuwa kitunguu na pilipili hoho.

Sheria haisemi chochote kuhusu sahani ya pembeni. Nilikaanga dagaa wangu kwa nyanya na ndimu, nikawaweka umbali wa shibiri moja na piza. Kijana aliomba wanne. Aliwala bila piza, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya Achari. Kwa hawa wenzetu achari ni tango lililolala kwenye siki. Kijana hakuuliza. Alichukua chupa yangu ya achari ya ndimu, ile nyeusi ya pilipili iliyokaa juani wiki tatu kwa mama mkwe Tanga, akaipeleka shuleni kuonyesha wenzake.

Mwalimu ameandika barua fupi yenye heshima. Anasema watoto watatu walilia, na angependa safari ijayo tuwasiliane kwanza. Chupa imerudi tupu. Mambo haya mawili nimejaribu kuyaoanisha tangu jioni.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya kusafisha jokofu. Shabaha yake ni kupata nafasi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, na kwa mara ya kwanza kalenda imeagiza kazi badala ya chakula. Binti alikaa na daftari, kijana akawa anatoa vitu kimoja kimoja na kuvitangaza.

Vifuko vya mchuzi wa nyanya, tisa. Nusu ya ndimu, ngumu kama kokwa. Kisamvu cha kusagwa kutoka duka la Msomali la Cleveland Avenue, pakiti mbili, tangu Julai. Chupa yenye kitu cha rangi ya kahawia ambacho kila mmoja aliapa si chake. Nacho nne. Piza ya kitunguu.

"Na hii nini?" Karatasi ya aluminiamu, nyuma ya maziwa.

Ulifunguliwa mbele ya wote. Siku kumi zilikuwa zimeubadilisha, lakini umbo la mwiko lilikuwa bado limebaki juu yake. Binti aliuliza umetengenezwa tarehe ngapi. Nikasema tarehe 5. Akapekua. "Tarehe 5 ilikuwa donati." Mke wangu akanitazama kwa muda, akasema haumizwi na ugali wenyewe, ila na kwamba niliula peke yangu na sikumwita.

Nimekula kisamvu. Nimekula kwa unyenyekevu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mkate wa nyumbani. Mke wangu alisema hapa ndipo atakapoonyesha Tanga ni nini. Jana aliloweka mchele, usiku akausaga na tui, hamira, iliki na sukari kiasi ambacho nimeombwa nisikiandike humu. Akaufunika kwenye bakuli kubwa, akauweka juu ya kipasha joto cha ukutani uumuke, akalala.

Nilirudi kazini alfajiri. Ulikuwa umeumuka. Ulikuwa umenyanyua kifuniko, umeshuka ukutani, na ule uliofika kwenye vyuma vya joto ulikuwa umeshaiva. Niliukwangua. Ulikuwa mtamu. Niliendelea kuukwangua hata pale ambapo usafi haukudai tena.

Uliobaki kwenye bakuli ulitosha mkate mmoja wa kumimina. Iliki ilishuka ngazi kwa njia ileile aliyopita papa. Saa nne mzee wa chini akabisha hodi. Safari hii hakutaja gesi. Alisimama tu, akasema asubuhi njema, akaendelea kusimama. Tulimkatia robo.

Jumamosi, 22 Novemba

Wiki nzima kazi za ziada. Nimekula kilichoandikwa.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya Taifa ya Korosho.

Nimekaa na karatasi ile tangu asubuhi. Mimi ni mtoto wa Newala. Ada yangu ya shule ilikuwa korosho, sare korosho, tiketi ya basi la kwanza kwenda Dar es Salaam korosho. Sikujua kwamba kuna watu wamezipa siku moja.

Safari hii nilipiga saa sita mchana, kwake saa mbili usiku. Binti aliomba aseme mwenyewe.

"Shikamoo Bibi. Leo huku ni Siku ya Taifa ya Korosho."

"Marahaba mjukuu wangu. Wamefungua mnada?"

"Hapana Bibi. Wanasherehekea tu."

"Wanasherehekea nini na hawajalipa?"

Mama ana mikorosho arobaini na kitu. Mwaka wake unakwenda na mikorosho hiyo: kupalilia, kupuliza salfa, kuokota, kupeleka chama cha msingi, kusubiri mnada, kusubiri benki. Bei yoyote anayotajiwa anaipima kwa ile shilingi 3,300 kwa kilo ya mwaka 2018, Rais Magufuli alipozuia wanunuzi na kuamuru jeshi lisombe korosho. Ukimwambia mchele umepanda, atakuuliza umepanda kufikia korosho ngapi.

Akauliza huku zinauzwaje. Binti akamwonyesha kopo kwenye simu.

"Wanapima kwa kopo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hiyo kangomba!" Akageuka kumwita mtu aliyekuwa uani. "Njoo usikie, Marekani wananunuliana kangomba mchana kweupe."

Ilibidi nimweleze binti. Kangomba ni ule ununuzi wa kichochoroni: mkulima hana kitu mfukoni, mnada bado, mfanyabiashara anakuja na kopo lake, anapima korosho kwa bei ya njaa. Serikali imepiga marufuku. Binti aligeuza kopo letu, akalitazama kwa macho mapya. Kwa nyuma limeandikwa zao la Vietnam. Nikamwambia sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko, zinafungwa, zinasafiri tena. Inawezekana kabisa humo ndani mna zilizookotwa chini ya miti ya Bibi. Kijana aliweka sikio kwenye kopo.

Akauliza kwa nini Bibi hazibangui mwenyewe. Nikamwonyesha kidole changu cha shahada. Kuna alama ndogo, iking'aa kidogo kuliko ngozi nyingine. Unazichoma nje kwenye bati lililotobolewa. Mafuta ya ganda yanashika moto, moshi mweusi unakufuata upande wowote utakaokaa, kana kwamba unakudai. Zikishapoa unagonga kwa jiwe, si kwa nguvu, kwa kipimo, ganda lipasuke na korosho itoke nzima. Iliyovunjika unakula. Watoto wote tulikuwa wabanguaji wabaya sana. Na utomvu ukikugusa kabla haujaungua vizuri, unababuka hivi, na hakuna anayekuonea huruma kwa kuwa kila mtu anayo yake.

Mke wangu alisaga kopo zima, akaliungia kisamvu mahali pa karanga. Halikubaki hata la kuonjesha. Mtaalamu alisema korosho chache zisizo na chumvi kwa siku. Sijui kisamvu kinahesabiwaje.

Jumatano, 26 Novemba

Binti ametutangazia kuwa siku ya kesho si ya mtu tu alisema. Lincoln aliitangaza mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba. Chakula chake ni bata mzinga.

Nilimnunua leo jioni, halali, pauni kumi na sita. Amegandishwa. Nilipomweka mezani, meza ilitoa sauti. Binti akasoma maelekezo: ndani ya jokofu anayeyuka kwa takriban siku nne. Tuna saa kumi na nane. Njia ya pili ni maji baridi, nusu saa kwa kila pauni, na maji yabadilishwe kila baada ya nusu saa.

Kumi na sita mara nusu saa ni saa nane. Nikaulizwa ni nani katika nyumba hii amezoea kukesha.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimebadilisha maji mara kumi na sita. Yuko kwenye beseni la kuogea. Saa tisa usiku kijana alikuja chooni, akamtazama, akamsalimia.

Asubuhi bata aliingia kwenye oveni kwa upana, kwa urefu akakataa. Mlango ulibaki wazi vidole vinne. Mke wangu alimtoa, akachukua panga dogo, akauliza kama sheria ya mwaka 1941 inasema ni lazima awe mzima. Binti alipekua, akasema haisemi. Tumekula pilau ya bata mzinga na kachumbari, pamoja na mzee wa chini, aliyekuja na pai ya maboga na kusema kuwa tangu Novemba ianze hajawahi kujua kesho atasikia harufu gani. Hatukuuliza kama analalamika.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeonana na mtaalamu wa lishe. Nilimkabidhi daftari. Akalifungua katikati, akalifunga, akaniomba nimsomee, kwa kuwa ni Kiswahili. Nikaanza na mayai. Kufikia fundi wa gesi alikuwa ameweka kalamu chini. Nilipunguza maelezo ya mkate.

Mwisho akaniuliza kwa kawaida huwa ninakula nini. Nikamwambia inategemea tarehe. Ameniandikia kipimo kingine mwezi Februari.

Nyumbani kalenda ya Desemba imeshabandikwa. Tarehe 9, kalenda yao inasema vitafunio vya ngano vya kuoka. Mtu amevikata kwa penseli ya rangi, na juu yake, kwa maandishi ya darasa la pili, ameandika: SIKU YA TAIFA YA DAGAA NA UGALI. Chini yake, kwa kuwa dada yake hupenda kuuliza chanzo, ameongeza: mtu tu alisema.

Nilimwambia tarehe 9 Desemba kule nyumbani Tanzania ni sikukuu kweli, ndiyo siku Tanganyika ilipopata uhuru, mwaka 1961. Hakujua. Alichagua kwa sababu palikuwa na nafasi ya kuandika.

Msajili amekaa nalo jambo hili nusu saa. Amelikubali kwa sharti kwamba na vitafunio vipikwe. Mke wangu ataoka. Mimi nimeagizwa dagaa nusu kilo na unga, na tarehe 8 nipige simu kampuni ya gesi niwaarifu mapema.